Gari linapunguza maji: jua panapovuja kabla hujamlipa fundi

IST yangu ilianza kunywa maji, karibu nusu lita kila baada ya siku mbili. Fundi wa kwanza alifungua boneti, akasikiliza injini kidogo, akasema gasketi ya silinda hedi, ile bamba nyembamba inayoziba kati ya kichwa cha injini (hedi) na bloku, imeungua. Nikakubali. Hedi ikafunguliwa, ikapelekwa kusawazishwa, ikafungwa gasketi mpya, bolti mpya, oili mpya na kulanti mpya, yaani maji ya rangi ya kupozea injini. Siku ya kumi maji yakapungua tena, kwa kasi ileile.

Aliyenitoa gizani ni mzee mmoja wa Ilala anayetengeneza rejeta. Hakugusa spana. Aliwasha tochi, akainama juu ya rejeta, akanishika mkono. "Kijana, pitisha kidole hapa." Chini ya ukingo wa tenki la plastiki la juu, pale plastiki inapobanwa na bati, palikuwa na mstari wa waridi uliokauka na kukwaruza kidole kama chumvi iliyoganda kwenye mawe ya ufukweni. Plastiki ilikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Injini ikipata moto ufa unafunguka, ikipoa unajifunga, ndiyo maana asubuhi sikuwahi kukuta tone chini. Rejeta ikabadilishwa na tatizo likaisha. Hedi ilikuwa nzima tangu mwanzo.

Mwongozo huu ni yale niliyojifunza tangu siku ile, kwa kuuliza mafundi wazuri na kwa kulala chini ya magari ya ndugu na majirani. Nikisema "maji" namaanisha kilichomo kwenye rejeta, kiwe kulanti halisi au maji ya bomba. Unahitaji tochi, kartoni kubwa, karatasi nyeupe laini, kioo kidogo cha mkononi, kalamu ya wino usiofutika na wiki moja ya uvumilivu.

Kwa nini uvujaji hujificha

Maji ya injini hayakai tu yakizunguka kama maji ya mfereji. Yamefungiwa kwa presha. Angalia mfuniko wa rejeta: Toyota nyingi zimeandikwa 0.9 au 1.1, yaani kilo kwa kila sentimita ya mraba. Presha hiyo ndiyo inayoyazuia maji kuchemka mapema. Dar es Salaam, usawa wa bahari, maji matupu huchemka kwenye nyuzi 100. Chini ya mfuniko mzima wa 1.1 yanafika karibu nyuzi 120 bado hayajachemka. Mbeya, mji ulio mita kama 1,700 juu ya bahari, maji ya wazi huchemka kwenye nyuzi kama 94. Hilo ni joto ambalo injini nyingi hulifikia zikiwa kazini kama kawaida. Kwa hiyo mfuniko uliochoka unaweza kukuvumilia mwaka mzima Dar, ukakuaibisha siku ya kwanza unapopanda mlima Kitonga.

Presha hiyohiyo ndiyo inayoyasukuma maji nje kwenye kila tundu dogo, na hufanya hivyo injini ikiwa ya moto. Tone likiangukia chuma chenye moto linakuwa mvuke kabla ya kufika chini. Ndiyo sababu mtu anasema "halivuji, lakini maji yanaisha". Linavuja, ila hayupo anayeliona wakati linavuja.

Usalama kwanza, na hapa sitanii

Usifungue mfuniko wa rejeta injini ikiwa ya moto, hata kama una kitambaa kinene. Presha ikiachiwa ghafla maji yote yanachemka kwa mara moja na kukurukia usoni na kifuani. Nimeona ngozi ya mkono ikibabuka namna hiyo. Subiri saa moja au zaidi, halafu bonyeza mpira wa juu wa rejeta: ukiwa laini na unashikika bila kuunguza, zungusha mfuniko hadi kituo cha kwanza, sikiliza, ndipo umalizie.

Feni za umeme kwenye baadhi ya magari zinaweza kuwaka zenyewe hata ufunguo ukiwa umezimwa, kwa hiyo vidole, kanga na tai vikae mbali. Na kulanti ni sumu. Ina utamu unaovutia watoto, mbwa na paka. Usiionje kamwe kuhakikisha ni yenyewe, na ikimwagika uani, ioshe kwa maji mengi.

Hatua ya kwanza: hakikisha maji yanapungua kweli

Asubuhi, kabla ya kuwasha gari, likiwa limesimama pasipo mteremko, chora alama ya kalamu kwenye tenki dogo la akiba pale maji yalipofika. Andika tarehe na kilomita. Fanya hivyo kila asubuhi kwa siku saba. Maji yakipanda mchana na kurudi kwenye alama asubuhi, hiyo ni kawaida, yanatanuka kwa joto. Yakiwa chini ya alama kila siku, una uvujaji, na sasa unajua kasi yake. "Linapunguza robo lita kwa kila kilomita mia" ni maelezo ambayo fundi anaweza kuyafanyia kazi. "Linakunywa maji sana" ni malalamiko tu.

Usiishie kwenye tenki la akiba. Injini ikiwa baridi fungua na mfuniko wa rejeta wenyewe, kama gari lako linao. Maji yanapaswa kufika shingoni kabisa. Nimekuta magari ambayo tenki la akiba limejaa pomoni na rejeta imepungua lita mbili. Rejeta ikipoa hunyonya maji kutoka kwenye akiba; kama kile kipira kidogo cha katikati ya mfuniko kimekufa, au kale kampira kembamba kanakounganisha akiba na rejeta kamepasuka, inanyonya hewa badala ya maji. Mwenye gari anaangalia akiba, anaona imejaa, anaondoka na amani ya uongo.

Jambo moja la hatari kwa wenye Vitz, Passo na magari mengine madogo ya miaka ya karibuni: mengi hayana geji ya joto, yana taa ya bluu injini ikiwa baridi na nyekundu ikizidi moto. Na hata kwenye gari lenye geji, kihisio husoma joto la maji yanayokigusa. Maji yakiisha kabisa kinabaki kwenye hewa, na mshale unaweza kukaa katikati au hata kushuka wakati injini inaungua. Ukiona mshale unapanda na kushuka ghafla bila sababu, simama uangalie maji.

Hatua ya pili: kartoni la usiku

Chukua kartoni la friji au la televisheni, lilaze chini ya gari kuanzia bampa ya mbele hadi chini ya miguu ya dereva. Chora mshale wa kuonyesha mbele, na uweke alama pale tairi zinapoanzia. Egesha gari likiwa limetoka barabarani na moto wake, maana saa za kwanza za kupoa ndizo zinazosema zaidi.

Asubuhi soma kartoni kama ramani. Tone la waridi, jekundu, kijani au bluu, linalonata kidogo ukilisugua kati ya vidole na lenye harufu tamutamu, ni kulanti. Wekundu wenye utelezi wa mafuta ni oili ya gia au ya usukani. Kahawia au nyeusi ni oili ya injini. Maji safi yasiyo na harufu, chini ya upande wa abiria, karibu kila mara ni ya kiyoyozi, na kwa unyevu wa Dar, Tanga au Mombasa kiyoyozi kinaweza kudondosha maji ya kutosha kumtisha mtu asiyejua.

Shida inakuja kwa gari lililoongezewa maji ya bomba kila siku kwa miezi. Rangi imefifia, na tone la rejeta linafanana na la kiyoyozi. Hapo usiwashe kiyoyozi siku nzima, halafu tandika kartoni upya. Likilowa, si kiyoyozi.

Kumbuka pia ile plastiki pana inayofunika injini kwa chini. Inakusanya maji na kuyamwaga mahali pengine kabisa, na upepo wa safarini unayasukuma nyuma. Kartoni linakuambia kuna nini na takriban upande gani. Chanzo utakitafuta kwa juu.

Hatua ya tatu: fuata njia ya maji hadi juu

Injini ikiwa baridi, fungua boneti mchana kweupe, na tochi bado uishike. Kanuni ni moja: sehemu ya juu kabisa yenye dalili ndiyo chanzo, zilizo chini yake zimelowanishwa tu. Unachotafuta zaidi ya maji ni mabaki yaliyokauka: ukoko wa waridi, wa kijani au mweupe kama chokaa, michirizi ya rangi, au mahali pasafi mno katikati ya vumbi, kana kwamba pameoshwa. Pitisha karatasi nyeupe kwenye kila maungio. Jicho linadanganywa na kivuli, karatasi ikirudi na waridi haina ubishi.

Anza na rejeta. Matenki yake ya plastiki huzeeka kwa joto. Yakigeuka kutoka nyeusi kuwa kahawia na kukaukakauka, yamekaribia mwisho. Kagua pale plastiki inapobanwa na bati, mzunguko wote, hasa pembeni na chini ya shingo. Kisha uso wa mbele, ambako jiwe dogo la barabarani linaweza kutoboa kijibomba kimoja.

Nenda kwenye mipira. Ule wa juu na ule wa chini, halafu mipira miembamba inayoelekea ukutani mwa injini kwa ajili ya hita, na ile midogo zaidi inayopita karibu na koo la hewa. Mpira mzuri ukiubonyeza unarudi. Uliovimba karibu na klipu, uliolainika kama maini, au unaotoa mlio wa kupasukapasuka kwa ndani, umekwisha. Mara nyingi mpira ni mzima, klipu ndiyo imelegea au imeshika kutu. Hii ndiyo tiba ya bei nafuu kuliko zote, na ndiyo inayorukwa kwa haraka zaidi.

Wota pampu, ile inayozungusha maji, inastahili dakika kumi zako. Chini ya mhimili wake kuna tundu dogo lililowekwa makusudi na watengenezaji. Sili ya ndani ikichoka, maji hutokea hapo badala ya kuingia kwenye beringi. Kwenye IST na Vitz za injini ya NZ pampu iko upande wa mkanda, yaani upande wa dereva. Ingiza kioo chini yake, mulika, tafuta mchirizi mkavu unaoshuka kutoka kwenye tundu. Kisha, injini ikiwa imezimwa, shika puli uitikise: ikicheza, au ukiwa umesikia mkwaruzo kila ukiwasha, beringi inakufa. Unyevu mdogo kama jasho kwenye pampu mpya unaweza kukauka wenyewe. Mchirizi wenye ukoko haukauki wenyewe.

Kwenye nyumba ya themostati, ile vali inayofunguka kwa joto kuruhusu maji yaende kwenye rejeta, angalia ukingo wa gasketi yake. Na kwa kuwa nimefika hapa: mtu akikushauri kuitoa themostati "kwa sababu huku kwetu ni joto", mkatalie. Themostati nyingi za Toyota huanza kufunguka kwenye nyuzi 80 hivi, na kazi yake ni kuiweka injini kwenye joto ambalo imeundwa kufanyia kazi. Ukiitoa, injini inachelewa kupata moto, inakula mafuta, inachakaa. Kwenye injini ambazo themostati hufunga pia njia ya mkato ya maji, kuitoa kunaiacha njia hiyo wazi, na sehemu ya maji inaikwepa rejeta. Umetoa kifaa ili gari lisichemshe, nalo linachemsha zaidi mlimani.

Usisahau ndani ya gari. Hata kama hujawahi kuwasha hita maisha yako yote, kwenye magari mengi maji ya moto yanapita kwenye rejeta ndogo iliyo nyuma ya dashibodi. Inua kapeti miguuni kwa abiria. Kapeti lililolowa linaweza kuwa ni bomba la kiyoyozi lililoziba, hivyo gusa na unuse: maji ya kiyoyozi ni safi, ya hita yananata, na kioo cha mbele hupata ukungu wenye mafuta ambao ukiufuta unaacha michirizi.

Mwisho, nyuma ya injini, upande unaotazama dereva, ambako hakuna anayependa kuinama. Injini za Toyota za 2AZ-FE za miaka ya mwanzo ya 2000, zilizomo kwenye Harrier, Alphard na Ipsum nyingi za kwetu, zina udhaifu unaojulikana: nyuzi za bolti za hedi kwenye bloku huachia, na maji hutokea nyuma, kati ya hedi na bloku. Subaru za injini ya EJ25 nazo zina sifa ya kuvuja kwenye ukingo wa chini wa hedi. Ukiwa na moja ya hizo, kioo na tochi vipelekwe huko mapema.

Mfuniko: kifaa kidogo kinachofanya vingine visingiziwe

Mimi huanza kubadilisha mfuniko kabla ya chochote kama umechakaa, kwa kuwa bei yake ni ndogo na uharibifu wake ni mkubwa. Utoe injini ikiwa baridi. Mpira wa chini uwe laini, bila mkunjo wala ufa. Springi ibonyee na kurudi kwa nguvu. Kile kipira kidogo cha katikati, kivute kwa kucha, kikiachiwa kirudi mahali pake. Shingo ya rejeta nayo iwe laini pale mpira unapokalia.

Mfuniko uliokufa una dalili mbili zinazopishana. Usiposhika presha, maji yanasukumwa kwenye akiba na kumwagikia pembeni, na utakuta michirizi kuzunguka tenki la akiba. Ukishindwa kunyonya, mpira wa juu unakuwa umebonyea na kushikana kama mrija wa juisi injini ikishapoa. Ukinunua mwingine, nunua wenye namba ileile. Kuweka wa 1.1 kwenye gari la 0.9 "ili uwe na nguvu" ni kuitafutia plastiki ya zamani ufa mpya.

Hatua ya nne: presha ya pampu

Kama macho hayajapata kitu, hapa ndipo ulipe kidogo. Mafundi wazuri na wengi wa wanaotengeneza rejeta wana pampu ya mkono yenye geji inayofungwa mahali pa mfuniko. Injini ikiwa baridi, anapampu hadi namba iliyoandikwa kwenye mfuniko wako, asizidishe, kisha mnasubiri robo saa. Sindano ikisimama, mfumo umebana. Ikishuka, maji yanatoka mahali, na sasa yanatoka injini ikiwa baridi, hayageuki mvuke, unayaona.

Uwepo wewe mwenyewe. Usiache gari ukaenda kunywa chai. Huu ndio mtihani ambao ningefanyiwa siku ya kwanza, baridi kisha vuguvugu, nisingefungua hedi. Na kama sindano haikushuka baridi lakini maji bado yanapungua, omba urudiwe injini ikiwa ya vuguvugu, kwa uangalifu. Ufa kama wa rejeta yangu haufunguki ukiwa baridi.

Sindano ikishuka na nje pakavu, kapeti kavu, ndipo mnaanza kuzungumza habari za ndani ya injini.

Hatua ya tano: dalili za hedi, na zile zinazodanganya

Gasketi ya hedi huungua kweli, na gari likishachemsha vibaya hata mara moja, mshukiwa huyo lazima aangaliwe. Lakini dalili zake nyingi zina pacha wasio na hatia.

Oili iliyochanganyika na maji inakuwa kama chai ya maziwa. Ukiiona kwenye kijiti cha kupimia oili, usiwashe gari tena hata kulisogeza. Oili hiyo haiwezi kulinda beringi. Ila ukiiona chini ya mfuniko wa oili tu, na kijiti ni safi, inaweza kuwa ni mvuke wa safari fupifupi, hasa Njombe, Lushoto au Limuru wakati wa baridi. Pita safari ndefu, futa, angalia tena.

Moshi mweupe asubuhi ya baridi ni kawaida na huisha dakika chache. Moshi mweupe unaoendelea injini ikiwa ya moto, wenye harufu tamu, ukiambatana na injini kutetemeka sekunde za kwanza za kuwasha, huo ni maji yanayoungua. Fundi akitoa plagi, ya silinda inayoingiza maji mara nyingi ni safi kupita wenzake, kana kwamba imesafishwa kwa brashi.

Mapovu yapimwe hivi. Injini baridi, mfuniko wazi, rejeta imejaa hadi shingoni. Washa, tazama dakika tano. Hewa iliyonaswa baada ya kujaza maji hutoka kwa mapovu makubwa machache kisha inakwisha. Gesi ya moto inayopita kwenye gasketi hutoa mapovu madogo yasiyokoma, na ukikanyaga mafuta yanaongezeka. Maji yakianza kupanda na kufurika, zima, na usisubiri injini ipate moto mfuniko ukiwa wazi.

Kuna kipimo kingine ninachokipenda kwa sababu hakihitaji kifaa. Asubuhi, gari likiwa limelala usiku kucha, washa na ubonyeze mpira wa juu ndani ya dakika moja au mbili. Maji bado ni baridi, kwa hiyo mpira unapaswa kuwa laini. Ukiwa umekaza kama fimbo, kuna gesi ya silinda inayoingia kwenye maji. Vilevile, ukifungua mfuniko asubuhi injini ikiwa baridi kabisa na ukasikia mlio wa presha ikitoka, jiulize presha hiyo imetoka wapi.

Uthibitisho wenyewe ni dawa ya bluu inayowekwa kwenye chombo juu ya shingo ya rejeta ili ivute hewa ya humo. Kukiwa na gesi iliyoungua, kwa injini ya petroli bluu inageuka njano. Pamoja na kipimo cha mgandamizo wa silinda, ambacho kinaonyesha silinda mbili jirani zilizo dhaifu au moja inayotofautiana na wenzake, una ushahidi. Bila kimojawapo, usikubali hedi ifunguliwe.

Kwa magari ya otomatiki ongeza hili: oili ya gia nyingi hupozwa ndani ya rejeta hiyohiyo. Ukikuta uji wa waridi kwenye rejeta au kwenye kijiti cha gia, ukuta wa ndani umetoboka. Usiendeshe. Gia boksi ni ghali kuliko rejeta mara nyingi.

Kuchemsha bila kuvuja

Si kila maji yaliyopungua yalivuja. Feni isipowaka kwenye foleni, au rejeta ikiziba, injini inachemsha na maji yanatupwa nje kupitia mfuniko. Ukiangalia mpangilio wa matukio utajua: gari lililoanza kupunguza maji wiki mbili kabla ya mshale kupanda lina uvujaji, gari lililopanda mshale kwanza maji yakiwa yamejaa lina tatizo la kupoza. Washa kiyoyozi gari likiwa limesimama na usikilize feni. Zisipozunguka, umeokoa pesa nyingi kwa dakika mbili.

Wakati unasubiri kutengeneza

Usitie gundi ya chupa, wala ute wa yai, kabla hujapata chanzo. Inafuta njia uliyoihitaji kuifuata, na inaziba vijibomba vya rejeta na vya hita pamoja na tundu.

Usiongezee maji ya kisima. Visima vingi vya Dar vina chumvi, na chumvi inakula alumini ya hedi na rejeta kimyakimya. Kwa dharura tumia maji ya kunywa ya chupa. Kwa kujaza vizuri, kulanti nusu na maji yaliyotoneshwa nusu, au kulanti iliyochanganywa tayari. Ukinunua maji ya betri soma chupa mara mbili, kwa kuwa asidi ya betri huuzwa kando yake kwenye rafu hiyohiyo. Usichanganye rangi kwa kubahatisha.

Taa nyekundu ikiwaka njiani, washa hita hadi mwisho wakati unatafuta mahali pa kusimama, kisha zima injini. Usimwagie maji ya baridi. Chuma kilichopata moto kikipigwa na baridi ghafla kinapinda au kupasuka, na hapo utakuwa umeitengeneza ile hedi mbovu uliyokuwa huna.

Ukifika gereji

Mpe fundi heshima yake, msalimie, kisha mpe karatasi yako: tarehe, kilomita, kiasi kilichopungua, picha ya kartoni, mahali ulipoona ukoko. Fundi mzuri hufurahi, umempunguzia kazi. Mwambie, "Fundi, naomba kwanza unionyeshe panapovuja, halafu tuongee bei." Akisema ni hedi, omba kipimo cha dawa au cha mgandamizo mbele yako, na uwe tayari kukilipia. Chukua bei kwa gereji mbili, vipuri na ufundi vikiandikwa kando.

Hedi ikilazimika kufunguliwa, rudi siku hiyohiyo. Omba kuona gasketi ya zamani na mahali ilipoungua. Panaonekana, pana weusi unaokatisha kutoka tundu la silinda hadi njia ya maji. Omba hedi ipimwe kwa rula ya chuma kabla ya kukatwa. Kwa injini nyingi za Toyota mpindo unaoruhusiwa ni milimita 0.05 tu, na kila ikisawazishwa inapungua unene, kwa hiyo haikatwi kwa mazoea.

Gari likirudi nyumbani, chora alama mpya kwenye tenki la akiba asubuhi inayofuata. Siku za kwanza maji yanaweza kushuka kidogo hewa ikijitoa. Ongeza mara moja, kisha usiguse tena. Tandika kartoni usiku tatu. Baada ya wiki mbili, maji yakiwa bado kwenye alama, mlipe fundi salio lake.